Matairi Mawili, Kazi Moja: Vidokezo 13 vya Kuchagua Difu ya LSD kwa Gari Lako la Spoti

Unaijua ile hali. Mvua imekatika sasa hivi, lami bado inang'aa, unamaliza kona taratibu kisha unakanyaga mafuta kidogo tu. Ulitegemea gari liruke mbele. Badala yake tairi moja la nyuma linalia peke yake, vuuuu, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, na gari linajivuta kama limechoka. Wahenga walishalisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Basi na tairi moja halisukumi gari la spoti!

Dawa yake ni difu ya LSD, ile inayokataa tairi moja lizunguke bure huku mwenzake amekaa. Ukiifunga kwenye Altezza, Chaser, Silvia, Roadster au Toyota 86, utadhani umebadilishiwa gari. Shida ni kwamba aina ni nyingi, bei zinapishana mno, na kila kijiwe kina bingwa wake wa difu. Usihofu! Vidokezo hivi 13 vitakutoa kwenye maneno vikufikishe kwenye difu inayokufaa. Na ufunguo wake ni mmoja, ushike tangu sasa: difu nzuri ni ile inayolingana na kilomita unazotembea kweli, si zile unazoziota usiku. Haya, jeki iko wapi?

1. Ielewe kazi yake kwa dakika moja

Gari likikata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Difu ya kawaida, yaani difu ya wazi, ambayo Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliipatia hataza mwaka 1827, huyaruhusu matairi yazunguke kila moja kwa mwendo wake. Safi kabisa. Ila inagawa nguvu sawa kwa sawa, na hapo ndipo penye mtego. Tuseme tairi lililo kwenye maji linaweza kupokea Nm 100 tu kabla ya kuteleza. Mwenzake aliye pakavu naye atapewa hizo hizo 100. Jumla ni 200, hata kama injini yako ina nguvu za kung'oa mbuyu!

LSD imekuja kuvunja usawa huo. Na wala si shida mpya: gari la mashindano la Auto Union alilolibuni Ferdinand Porsche miaka ya 1930 lilikuwa na nguvu nyingi mno kiasi kwamba tairi moja la nyuma lilizunguka ovyo hata kwenye mwendo mkali. Mwaka 1935 kampuni ya ZF ikapewa kazi ya kutafuta dawa. Kwa hiyo tulia, umeingia kwenye foleni ya watu wazito.

2. Matairi kwanza, difu baadaye

LSD haitengenezi mshiko (wa barabarani, siyo wa mfukoni!). Inagawa tu mshiko ambao matairi yako tayari yanao. Matairi yakiwa magumu kama kandambili za zamani, hata difu ya bei mbaya itagawa umaskini. Leo jioni fanya hivi: angalia ubavu wa tairi, tafuta maandishi ya DOT, soma tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hakikisha pia matairi mawili ya nyuma ni ya aina moja, saizi moja, yamelika sawa na yana upepo sawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Hili la kulingana ni muhimu zaidi kwa mwenye LSD, kwa sababu matairi yasiyolingana huilazimisha difu kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Dakika tano tu, na huenda tayari umeponya nusu ya tatizo.

3. Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Na cha mvunguni safari hii ni difu yenyewe. Kabla ya kutoa hela, jua ulichonacho, maana magari mengi ya spoti yaliyotumika Japani huja na LSD ya kiwandani. Honda S2000 zinayo. Toyota 86 nyingi zinayo, ingawa si matoleo yote. Weka vigingi matairi ya mbele, inua matairi yote mawili ya nyuma, kalisha gari kwenye stendi imara, weka gia huru, achia hendibreki. Sasa zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, hiyo kwa kawaida ni difu ya wazi. Likifuata upande ule ule, hongera, kuna kitu kinashika humo ndani!

Jaribio hili lina mipaka yake. Baadhi ya difu za gia, na LSD iliyochoka, hujifanya kama difu ya wazi. Kwa hiyo piga picha bamba dogo la utambulisho lililo kwenye chumba cha injini au mlangoni; kwa Toyota tafuta mstari wa TRANS/AXLE, kisha mwonyeshe muuza spea anayejua kuzisoma zile herufi. Tena usichanganye LSD na kompyuta inayobana breki ya tairi linaloteleza. Ile inasaidia sana barabarani, lakini ukienda nayo uwanjani kwa fujo inapasha moto breki za nyuma na kula pedi.

4. Andika kilomita zako, si ndoto zako

Chukua karatasi, chora mistari mitatu: mjini na safari, barabara za kona, uwanjani. Sasa gawanya kilomita 100 za maisha yako halisi. Mwenye Altezza ya kwenda kazini anaweza kukuta 90 ni foleni na safari, 8 ni kona tamu kama zile za kutoka Mombo kupanda Lushoto, na 2 tu ni siku za kucheza na gari kwenye eneo lililofungwa. Karatasi hiyo ndiyo mshauri wako mkuu. Mstari wa kwanza ukiwa mrefu, kidokezo cha 5 ni chako. Wa tatu ukiwa mrefu, ruka hadi cha 6. Na akija mtu kijiweni kukwambia "nunua kama yangu", mwombe kwanza karatasi yake!

5. Ya gia za mshazari: rafiki wa kila siku

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeamka asubuhi, anampeleka mtoto shule, anaingia foleni, halafu Jumapili anataka raha yake. Ndani hakuna pleti za kusuguana. Kuna gia za mshazari ambazo nguvu ikiongezeka hujibana zenyewe na kupeleka kazi kwenye tairi linaloshika. Jina kubwa hapa ni Torsen, wazo la Mmarekani Vernon Gleasman lililopata hataza mwaka 1958. Kutoka Uingereza wako Quaife, nao wana sifa zao.

Turudi kwenye hesabu yetu. Difu hizi hupimwa kwa uwiano. Ukiwa 2.5, maana yake tairi linaloshika linaweza kupewa mara mbili na nusu ya lile linaloteleza. Kwa hiyo Nm 100 kule kwenye maji, 250 huku pakavu, jumla 350. Linganisha na 200 za difu ya wazi. Injini ile ile, mvua ile ile!

Ni kimya, haisumbui kwenye maegesho, haihitaji kufunguliwa kila mara, na nyingi zinaridhika na oili ya kawaida ya difu. Udhaifu wake ni mmoja: sifuri mara 2.5 ni sifuri. Tairi likining'inia hewani, labda umepanda ukingo wa barabara kimshazari, nguvu inakimbilia huko. Ujanja wa kujinasua ni kuvuta hendibreki kidogo tu huku ukikanyaga mafuta kwa upole. Breki inalipa lile tairi la hewani kitu cha kupigana nacho, difu inaamka, gari linatoka. Umeona ilivyo rahisi?

6. Ya pleti: mfalme wa uwanja

Kama karatasi yako imejaa siku za uwanjani, karibu huku. Ndani kuna pleti nyembamba, nusu zimeshikana na nyumba ya difu, nusu na gia za shafti. Ukikanyaga mafuta, pini inapanda kwenye mteremko uliochongwa ndani, pleti zinabanwa, matairi mawili yanashikana mikono. Springi huziweka pleti zimebanwa kiasi hata kabla hujakanyaga, na ndiyo maana difu hii hufanya kazi hata tairi moja likiwa hewani. Kutoka Japani utakutana na Cusco, Kaaz na OS Giken. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kuipanga utakavyo: ubadilishe idadi ya pleti zinazofanya kazi, springi, na kwa baadhi, pembe za ile miteremko.

Bei yake si ya dukani tu. Itaguna na kugonga ukikunja usukani kwenye maegesho, krrr-tak-tak, na mama mkwe aliyekaa nyuma atauliza kama gari limekatika. Mjibu kwa heshima kwamba ndivyo lilivyo. Pleti zinalika, oili inachafuka haraka. Kwa hiyo kabla hujalipia, uliza swali moja la dhahabu: "Pleti zake zinauzwa peke yake?" Ukijibiwa hapana, endelea kutembea.

Ukiwa unanunua iliyotumika, pima nguvu zake. Inua tairi moja tu la nyuma, vigingi mbele, gia huru, hendibreki chini, kisha lizungushe kwa spana ya kupimia nguvu. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji. Namba ikiwa chini sana, pleti zimekwisha, na hiyo ni hoja yako ya kushusha bei.

7. Njia moja, moja na nusu, au mbili?

Hapa ndipo wengi huitikia kwa kichwa bila kuelewa, basi wewe elewa leo. Njia moja: difu hubana unapokanyaga mafuta tu, ukiachia, inalegea na gari linaingia kona kiurahisi. Njia mbili: hubana unapokanyaga na unapoachia, hivyo nyuma inatulia wakati wa kupunguza mwendo, ila pua ya gari inakuwa nzito kuingia kona. Moja na nusu iko katikati: inabana kwa nguvu ukikanyaga, kwa upole ukiachia.

Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, linalotembea mjini na kuingia uwanjani mara moja moja, moja na nusu ndiyo chaguo lisilo na majuto. Wapenzi wa kudrifti huchukua njia mbili, kwa sababu wanataka nyuma iwe na tabia ile ile mguu ukiwa juu au chini. Na usione haya kuomba muuzaji aweke springi laini. Difu kali kuliko mahitaji yako haikuongezei kasi, inakuongezea kazi.

8. Ya majimaji mazito: angalia umri kwanza

Iko nyingine yenye pleti za matundu zilizozama kwenye majimaji mazito ya silikoni. Tairi moja likianza kukimbia, majimaji yanakataa, yanalivuta lirudi kwa mwenzake. Ni laini na ya kistaarabu, na ilifungwa kwenye Silvia nyingi na kwenye Mazda Roadster za mwanzo za 1.6. Lakini huchelewa kuamka, tena joto na miaka huyachosha yale majimaji, na nyumba yake imefungwa moja kwa moja, si ya kufungua na kujazia. Ikija na gari, furahia. Ukiuziwa peke yake kwa bei ya LSD mpya, mwambie muuzaji ahsante, unapita tu.

9. Ficha mashine ya kuchomelea!

Najua, kuna rafiki anayesema "chomelea tu difu, ni bei ya soda". Gari la kudrifti tu, linalobebwa juu ya lori hadi uwanjani, linaweza kuishi hivyo. Gari la barabarani, hapana. Difu iliyochomelewa hailegei hata kidogo, kwa hiyo kwenye kila kona tairi moja lazima liburuzwe. Matairi yanakwisha, shafti zinateseka, na kwenye lami yenye maji nyuma inaweza kukuponyoka ukiwa unapinda tu kuingia sheli. Na chomeleo likipasuka, vipande vinaingia kwenye meno ya gia. Weka akiba miezi michache zaidi ununue kitu sahihi. Abiria wako wanastahili, na wewe pia.

10. Linganisha vitu vinne, kisha ndipo ufungue pochi

LSD ya gari "lile lile" inaweza kukataa kuingia kwenye gari lako. Mfano mzuri ni Roadster: ya 1.6 ya mwanzo ina kraunwili (ile gia kubwa ya duara ndani ya difu) ya inchi 6, ya 1.8 ina ya inchi 7, na difu ya hii haiingii kwenye nyumba ya ile. Andika kwenye simu orodha ya vitu vinne: saizi ya kraunwili, idadi ya meno ya shafti, umbo na matundu ya flenji, na resho. Ukiingia na orodha hiyo Gerezani pale Dar es Salaam au Kirinyaga Road pale Nairobi, muuzaji anajua mara moja kwamba umekuja kununua, hukuja kujaribiwa.

Ujanja wa ziada: uliza bei ya difu nzima iliyotumika yenye LSD ndani yake. Ikiwa haijawahi kufunguliwa, mpangilio wa gia zake ni ule wa kiwandani, na unaokoa gharama kubwa ya fundi. Ila angalia resho. Ukitoka 4.1 kwenda 4.3, gari litachangamka zaidi, lakini kwenye mwendo ambao injini ilikuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika sasa itazunguka kama mara 3,150. Kwa anayeenda Dodoma au Mombasa kila mwezi, masikio na tangi la mafuta vitagundua. Na kama spidi ya gari lako inasomwa kutoka kwenye giaboksi, mshale utaonyesha zaidi ya mwendo halisi. Bajeti yako nayo iwe na mistari mitano: difu, beringi, sili, oili, fundi.

11. Fundi wa difu, siyo fundi wa yote

Kufunga LSD si kufungua boliti na kufunga tena. Kraunwili lazima ikae mbele ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha, kwa mchezo uliopimwa, yaani nafasi ndogo kati ya meno yao. Kwenye Toyota nyingi mchezo huo ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, kama unene wa karatasi moja na nusu hivi. Ukizidi, difu itagonga. Ukipungua, italia na kupata moto. Sasa unaelewa kwa nini "tutapima kwa jicho" ni sentensi ya kukimbia!

Muulize fundi maswali matatu. Una geji yenye mshale ya kupimia mchezo? Unapaka rangi kwenye meno kuona yanavyogusana? Utafunga beringi na sili mpya? Akijibu ndiyo mara tatu, tena kwa furaha, umempata wako. Mwombe akupigie picha ya ile rangi kwenye meno. Mguso unatakiwa uwe katikati ya jino, si pembeni. Ukishachukua gari, zima redio, funga vioo, tembea kilomita kumi ukisikiliza. Mlio wa wuuu unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga na kuachia ni difu inayoomba msaada. Rudi siku hiyo hiyo, usiuzoee.

12. Oili sahihi, na mchezo wa namba nane

Soma kijitabu cha difu kabla ya kusikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo. Kwa kawaida utaona oili ya daraja la GL-5, unene wa 75W-90 au 80W-90 au mzito zaidi. Ya gia za mshazari nyingi hazidai zaidi ya hapo. Ya pleti inataka oili iliyoandikwa LSD, yenye dawa ya kuzifanya pleti ziteleze kwa ustaarabu badala ya kurukaruka. Kelele zikizidi, mara nyingi ni oili, si difu!

Ujanja wa kudumu: fungua kwanza boliti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga halafu boliti ya juu ikagoma, gari linalala hapo. Boliti ya chini ikiwa na sumaku, itazame vizuri. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kidole si kawaida.

Difu mpya ya pleti inahitaji kuzoeshwa. Tafuta uwanja mtupu wenye ruhusa, chora namba nane pole pole, kulia kisha kushoto, ukikanyaga na kuachia mafuta kwa upole, kwa muda ule ambao mtengenezaji ameuandika. Iache ipoe, kisha badilisha oili mapema kama kijitabu kinavyotaka, kwa sababu ile ya kwanza imebeba unga wote wa chuma. Ukiruka hatua hii, umenunua viatu vya mbio na kwenda navyo mashindanoni siku hiyo hiyo.

13. Jitambulishe upya kwa gari lako

Hiki ndicho kidokezo ninachokuomba usikiruke. Ukiwa na difu ya wazi, tairi moja likiteleza, la pili bado linashikilia mkia wa gari. Ukiwa na LSD, ukizidisha mafuta matairi yote mawili yanaweza kuachia kwa pamoja, na mkia unakuja kukusalimia dirishani. Gari lina uwezo mkubwa zaidi, na linataka mguu wenye adabu zaidi. Kwa wiki za kwanza acha mfumo wa kuzuia kuserereka ukiwa umewashwa. Nenda eneo wazi na salama siku ya mvua, mwendo mdogo, ujifunze pale inapoanza kuachia. Kwenye kona, maliza breki mapema, subiri pua igeuke, ndipo ukanyage kidogo kidogo. Utahisi nyuma inachuchumaa na kukusukuma moja kwa moja kule unakotazama. Raha yake huwezi kumsimulia mtu akaelewa.

Sasa usifunge ukurasa ukaenda zako. Jumamosi hii fanya mambo matatu yasiyokugharimu hata shilingi: soma umri wa matairi, fanya jaribio la jeki, jaza karatasi ya kilomita. Ukimaliza hayo, mengi yameshaamuliwa. Kama karatasi inasema mjini, chukua ya gia za mshazari uishi nayo kwa amani. Kama inasema uwanjani, chukua ya pleti na uitunze. Kijiwe kitaendelea kubishana, wewe utakuwa umeshaondoka.

Halafu itakuja jioni moja, mvua imekatika, lami inang'aa, kona ni ile ile. Utakanyaga mafuta kidogo tu. Safari hii hakuna tairi litakalolia peke yake. Yatasukuma yote mawili, na utajikuta unatabasamu ndani ya gari hata kama hakuna anayekuona.